Binti yangu aliamka miguu imekaza, na nyumbani wanasema ametupiwa kitu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijijini huku juu Newala. Nimemwomba mwalimu anisaidie kuandika, lakini maneno ni yangu.

Binti yangu wa pili ana miaka tisa. Tangu azaliwe hajaugua zaidi ya malaria. Mwezi wa tisa mwaka jana alitoka kuokota kuni na wenzake, jioni akala, akalala mzima. Asubuhi aliposimama miguu ikatetemeka, akakaa chini. Nikadhani anacheza. Akajaribu tena, akaanguka. Siku nne hakuweza kusimama kabisa, halafu akaanza kusimama kwa kushika ukuta. Sasa imepita miezi mitano tangu siku hiyo, anatembea kwa ncha za vidole, visigino havigusi chini, magoti yanapishana kama mkasi. Hazidiwi, wala haponi. Akikanyaga vibaya mguu unaanza kucheza wenyewe, tak tak tak, kama wa fundi aliye kwenye cherehani, na hawezi kuuzuia. Lakini mwiba ukimchoma analia, na haja zote anajua kwenda mwenyewe. Mgongo haumuumi.

Zahanati tuliyokwenda tulipewa dawa ya minyoo na vitamini. Mume wangu na mama mkwe wanasema ametupiwa kitu, maana mtoto mzima haamki hivyo. Wameshaongea na mganga, anataka kumchanja chale magotini. Mhudumu wa afya wa kitongoji yeye alisema huenda ni konzo, ugonjwa wa muhogo. Mama mkwe akamcheka: muhogo tumekula tangu mababu, leo ndiyo uingie miguuni? Na mimi, Shangazi, hapo ndipo ninaposhindwa. Chakula kinakwenda tumboni, miguuni kinafikaje? Ni kweli mvua zilikatika mapema, mahindi hayakutoka, tukawa tunakula ugali wa muhogo mchungu mchana na usiku, mboga kisamvu, siku nyingine chumvi tu. Maji tunanunua kwa ndoo, kwa hiyo muhogo hatukuloweka. Tulimenya, tukaanika makopa siku chache, tukatwanga. Wenzake wawili wamekula hichohicho na hawana kitu.

Atapona? Anaambukiza? Juzi usiku aliniuliza, "Mama, miguu yangu imenisahau?" Nikanyamaza.

Mama wa watoto watatu, Newala

*

Marahaba, mwanangu. Pole. Pole kwa ile asubuhi uliyodhani anacheza, kwa sababu najua mama huirudia asubuhi kama hiyo kichwani kila siku.

Nianze na hao wawili uliosema hawana kitu. Wanakula chungu kimoja na dada yao, na unga uliomo ndani huenda ni uleule. Kwa hiyo ukimaliza kusomewa jibu hili, jambo la kwanza si miguu ya binti, ni unga. Nitakueleza chini cha kufanya, na hakihitaji pesa.

Sasa binti. Siwezi kumpima mtoto kwa barua, lakini nadhani mhudumu wenu wa kitongoji ameona sawasawa, na nyumba nzima inamdai shukrani. Shirika la Afya Duniani mwaka 1996 liliweka alama za kuitambua konzo, na wewe umeziandika karibu zote bila kuzijua: mtu aliyekuwa mzima, miguu yote miwili ikakaza ndani ya muda usiofika wiki moja, kisha hali isiendelee kuwa mbaya. Alama iliyobaki ni ya daktari: agonge magoti na vifundo aone kama miguu inaruka kupita kiasi, na ahakikishe mgongo hauna ugonjwa.

Wala si ugonjwa mgeni kwetu. Jina lenyewe ni la Wayaka wa Kongo, lina maana ya miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika huko mwaka 1938. Mwaka 1981, mwaka wa ukame, zaidi ya watu elfu moja walipatwa huko Nampula, Msumbiji, kwa ndugu zetu Wamakua, wao wakauita mantakassa. Daktari Hans Rosling kutoka Uswidi alikuwa kazini Nacala wakati ule, akautafiti kwa miaka. Tarime ulitokea mwaka 1985. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulitokea hapahapa mkoani Mtwara. Mwambie mama mkwe hivyo kwa upole: kama ni kutupiwa, basi watu wengi walitupiwa kwa pamoja, Nampula na Mtwara, kila mara katika mwaka wa njaa, na wote walikuwa wanakula muhogo mchungu ambao haukukaa majini.

Umeuliza chakula kinafikaje miguuni. Swali hilo ni zuri kuliko unavyodhani. Jibu ni kwamba miguuni hakikufika. Kilichoumia kiko juu.

Mtu akitaka kupiga hatua, amri hubebwa na matarishi wawili. Wa kwanza anakaa utosini, juu ya ubongo. Ni seli moja, lakini ina uzi mwembamba sana unaoshuka ndani ya kichwa, unavuka kwenda upande wa pili pale ubongo unapoungana na shingo (ndiyo maana ubongo wa kushoto unauendesha mguu wa kulia), kisha unateremka ndani ya uti wa mgongo mpaka karibu na kiuno. Hapo anamkabidhi tarishi wa pili. Huyu naye ana uzi wake, unatoka mgongoni, unapita paja na ugoko, unaingia kwenye msuli. Kwa mtu mzima, uzi unaokwenda hadi kwenye unyayo unakaribia mita moja, na ujumbe unaupita haraka kuliko unavyoweza kupepesa jicho.

Tarishi wa kwanza ana kazi nyingine ambayo watu hawaijui, na hiyo ndiyo inayoeleza miguu ya mwanao. Anatuliza. Ujaribu leo usiku, nakusihi, na baba yake awepo. Baba akae mezani miguu ikining'inia, ailegeze. Gonga kwa ukingo wa kiganja chini ya kifupa cha goti, pale palipobonyea. Mguu utaruka kidogo. Hakuuamuru. Lile pigo la kiganja lilivuta mshipa wa goti, msuli ukavutika ghafla, habari ikakimbia hadi mgongoni, na tarishi wa pili akajibu palepale, "kaza!", bila kungoja ruhusa ya ubongo. Mungu ametuumbia hivyo ili mtu akijikwaa gizani asianguke kabla hajafikiri. Sasa gonga goti la binti, polepole. Nadhani mtauona mguu unaruka zaidi, pengine mara mbili tatu kwa pigo moja.

Tofauti hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe. Kwa baba, yule wa utosini kila saa anateremsha neno la kumtuliza wa pili: taratibu, taratibu. Kwa binti, neno hilo halifiki, uzi umeumia. Tarishi wa pili amebaki peke yake, mzima wa afya lakini hana wa kumzuia, na kila anapoguswa anakaza. Misuli ya nyuma ya ugoko ina nguvu kuliko ya mbele, zote zikikaza ya nyuma inashinda, kisigino kinainuka. Misuli ya ndani ya mapaja inavuta magoti yapishane. Na ile cherehani yako! Kisigino kikishuka ghafla msuli unavutika, unakaza, unaachia, unavutika tena, unakaza tena. Mwanao hachezi, wala hakuna kinachomchezesha. Ukimwona hivyo mwambie akanyage kwa uzito wote au anyanyue mguu kabisa, utatulia.

Mwiba anausikia kwa sababu habari za maumivu hupanda kwa nyuzi nyingine, za kwenda juu, na konzo haizigusi hizo. Polio ni kinyume: inamuua tarishi wa pili, mguu unakuwa mlegevu, unakonda, ukigonga goti hauruki. Wauguzi tulifundishwa kuangalia hivyo kwanza, mguu umelegea au umekaza, maana njia zinaachana hapo.

Tuje kwenye sumu. Muhogo mchungu unajilinda. Nguruwe pori na nyani wanaujua, na ndiyo maana wakulima wetu wanaupanda. Ndani yake kuna kitu kinaitwa linamarini, na pembeni, kwenye vyumba vingine vya seli, kuna kimeng'enya cha kuivunja. Muhogo ukipondwa au ukiloweshwa mpaka ukalainika, viwili hivyo vinakutana, inatoka sayanaidi, nayo ni hewa inayoruka zake. Ukiloweka siku tatu, sehemu kubwa inaondoka kabla muhogo haujafika jikoni. Lakini vipande vikianikwa vikavu haraka, vinakutana kidogo tu, na sehemu kubwa ya linamarini inabaki ndani ya kopa jeupe linalopendeza. Moto nao hausaidii kama watu wanavyodhani. Maji ya ugali yakichemka yanakiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, linamarini inabaki, na kuvunjika kwake kunakuja kumalizikia tumboni.

Sayanaidi inazuia seli isitumie oksijeni. Oksijeni ipo kwenye damu, seli inaiona, haiwezi kuila. Na hakuna kiungo chenye njaa ya oksijeni kama ubongo: ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Mwili una kinga. Unaishika sayanaidi, unaichanganya na salfa, unaitoa kwenye mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye protini, yaani samaki, dagaa, mayai, nyama, ufuta. Wiki kadhaa za ugali wa muhogo na chumvi, akiba inakwisha, sumu inaendelea kuingia. Mwaka wa ukame ni mbaya mara mbili, kwa sababu muhogo wenyewe ukikosa mvua unazidisha linamarini. Msumbiji walipima unga wa miaka ya ukame wakaona sayanaidi imepita miligramu 100 kwa kilo, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 10.

Kwa hiyo mababu walikula muhogo, ni kweli, na mama mkwe ana haki ya kuwatetea. Lakini waliuloweka. Hekima yao ilikuwa kwenye maji na kwenye siku tatu za kungoja. Wewe ulikuwa kwenye uwanda ambao maji ni ya kununua, watoto wanalia njaa, mvua zimekatika. Usijilaumu, na mtu mwingine asikulaumu mbele yangu. Linaloniuma ni kuwa mikoa yetu hii miwili, Mtwara na Lindi, inauza ufuta na korosho minadani, vyakula vyenye ile protini yenyewe, na mtoto wa mkulima anabaki na muhogo na chumvi. Mkivuna msimu ujao, kabla gunia halijakwenda ghalani, toa debe moja la ufuta liwe la watoto. Hata kijiko kimoja kilichotwangwa kwenye kisamvu ni kitu. Na kisamvu kitwangwe mpaka kilainike kabisa ndipo kichemshwe.

Sasa unga. Njia hii ilitoka kwa Howard Bradbury, mtaalamu wa Australia, na vijijini Popokabaka huko Kongo akina mama walipoifuata kila siku, wagonjwa wapya wa konzo hawakutokea. Tia unga mkavu kwenye bakuli, usawazishe juu, weka alama ya kalamu ndani ya bakuli usawa ule. Mimina maji kidogokidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza chini ya alama, halafu utaanza kupanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Utandaze nje kwenye mkeka safi au ungo, mwembamba, usizidi sentimita 1, usiufunike. Uache muda wa saa mbili juani, au saa tano kivulini. Kile kimeng'enya kilicholala ndani ya unga mkavu kinaamka kwa maji, sayanaidi inaruka. Kisha songa ugali siku hiyohiyo, maana unga mbichi haulali. Maji yenyewe hayapotei, ni yaleyale yanayoingia kwenye ugali. Na sasa huku kusini mvua zinanyesha: kinga maji ya bati, na muhogo mnaochimba kuanzia leo uuloweke siku tatu kabla ya kuanika.

Atapona? Nitakuambia kweli, kwa sababu mganga atakuahidi vingine na utamlipa mbuzi. Uzi ulioumia haujirekebishi. Dawa ya kuuponya haipo. Nafuu ya wiki za mwanzo imeshapita, na alivyo sasa ndivyo atakavyokaribia kuwa. Lakini konzo haipandi kama moto wa nyika. Imesimama, na itaendelea kusimama ili mradi asirudie unga ule. Akirudia anaweza kupigwa mara ya pili, na ya pili huweza kufika mikononi, kwenye maneno, kwenye macho. Haiambukizi kabisa. Alale na wenzake, ale nao sahani moja. Ikionekana kwa ndugu wawili ni kwa sababu ya chungu, si kwa sababu ya pumzi wala damu ya ukoo.

Kuna kazi kubwa inayobaki, nayo ni ya mikono yako. Msuli unaokaza kila siku mwishowe unafupika, kisigino hakishuki tena hata akilala. Tunazuia hilo. Asubuhi na kabla ya kulala, mlaze chali, goti limenyooka. Shika kisigino kwenye kiganja, unyayo wote ulale kwenye mkono wako wa mbele, usukume juu kuelekea ugoko. Polepole! Hapa ndipo wengi wanakosea, wanavuta kwa nguvu wakidhani wananyoosha chuma. Umeona goti: msuli ukivutwa ghafla unajibu kwa kukaza. Ukivutwa taratibu unadanganyika, unalegea. Ukifika unapogoma, tulia hapo, hesabu hadi thelathini, achia, rudia mara tano. Mwoshe kwa maji ya vuguvugu kwanza. Baridi na hofu vinakaza, na kumfokea "nyoosha mguu!" kunakaza zaidi.

Mpeleke hospitali ya wilaya, ukawaambie neno konzo na alikula nini. Wamwangalie mgongo, maana kifua kikuu cha mgongo nacho hukaza miguu, na kina dawa. Omba rufaa ya kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, hospitali ya Ligula au ya Ndanda, ampime mtoto fimbo na akuonyeshe mazoezi mengine. Kama visigino vitagoma, kuna upasuaji mdogo wa kurefusha mshipa wa kisigino unaowasaidia baadhi. Lakini akianza homa, mgongo ukimuuma, mkojo ukigoma kutoka, au miguu ikizidi, msingoje tarehe ya kliniki, nendeni siku hiyo.

Chale hapana. Kwa hili sikubembelezi. Wembe mchafu unaleta pepopunda, na pepopunda ni sumu ya vijidudu inayokwenda kuzima seli nyingine zinazotuliza misuli, zilizo ndani ya uti wa mgongo, mwili mzima unakaza hadi taya, mtoto anaweza kufa. Tusimtie binti kwenye moto huo akiwa tayari ameumia. Dua asomewe, hakuna ubaya, na mama mkwe ndiye amsomee. Mume wako usimshinde kwa maneno mbele ya mama yake. Mgongeni goti, aone mwenyewe, kisha umwombe atengeneze fimbo mbili za mti mwepesi zinazofika kwenye kifundo cha mkono binti akisimama. Baba anayehangaika hutulia akipewa kazi.

Arudi shule. Kaeni na mwalimu huyo aliyekuandikia, binti akae karibu na mlango, atoke dakika chache kabla ya wenzake ili asisukumwe.

Na alichokuuliza usiku. Mwambie hapana, miguu haijamsahau hata kidogo. Inamsikiliza sana, kila kitu kidogo inaruka. Kuna uzi juu mgongoni ulioumia, ule unaoiambia itulie, na ndiyo sababu kila usiku mama atakuwa anakuja kuishika na kuiambia yeye, taratibu.